Mbwa wa Ulinzi Anapozeeka: Namna ya Kumtunza Unguja na Pemba

Mbwa wengi wanaofugwa Unguja na Pemba hawafugwi kwa ajili ya kuchezewa ukumbini. Wapo wanaolinda mashamba ya mihogo na migomba, wapo wanaolala kwenye milango ya nyumba za wageni za ukanda wa pwani, na wapo wa wasasi, wanaoingia nao maweni na vichakani kuwafukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mazao. Kwa sababu hiyo mbwa huangaliwa zaidi kwa kazi yake kuliko kwa mwili wake, na siku anapoanza kuchelewa kuinuka, au kubweka akiwa amejilaza, mwenyewe husema kwamba amezeeka na mambo yakaishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya yale tunayoyabebesha uzee ni maumivu ya viungo, unene, meno mabovu au maradhi ya figo, na yote hayo yanaweza kugunduliwa nyumbani na mtu asiye daktari, kisha yakatibiwa au yakapunguzwa makali kabla mbwa hajashindwa kabisa.

Mbwa wa kienyeji wa umbo la wastani, mwenye uzito wa kilo 12 hadi 20, ahesabiwe kuwa ameingia utu uzima wa mwisho anapofikia mwaka wa nane. Mbwa wakubwa wa asili ya Ulaya huzeeka mapema zaidi, kwenye mwaka wa sita au wa saba, na wale wadogo sana huweza kufika miaka kumi bila ya dalili yoyote. Kama umri haujulikani, kwa kuwa wengi wetu hupewa mbwa akiwa ameshakua, daktari wa mifugo anaweza kuukadiria kwa kuangalia meno na macho. Mvi za mdomoni peke yake zisikudanganye, kwa kuwa wapo mbwa wanaoota mvi wakiwa bado na miaka minne.

Anza kwa kupima na kuandika

Tafuta daftari moja la skuli na uandike humo mambo manne kila mwezi: uzito, kiasi cha maji anayokunywa kwa siku, idadi ya pumzi akiwa usingizini, na namna anavyoinuka asubuhi. Jicho la mtu anayemwona mbwa kila siku halioni mabadiliko ya polepole. Kilo mbili zinazopungua kwa miezi minne hazionekani, ilhali kwa mbwa wa kilo 15 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake wote.

Kwa uzito, si lazima kuwa na mizani ya hospitali. Mizani ya kuning'iniza inayopimiwa magunia ya karafuu inatosha kabisa: chukua gunia safi, litoboe matundu manne ya miguu, mvishe mbwa kwa utaratibu, mnyanyue kwa muda mfupi, kisha upunguze uzito wa gunia. Kwenye nyumba yenye mizani ya kusimamia, mtu asimame akiwa amembeba, halafu asimame peke yake, na tofauti ya hesabu mbili ndiyo uzito wa mbwa.

Kwa maji, jaza chombo chake kwa kopo la lita moja asubuhi na uangalie kesho yake saa ile ile ni kiasi gani kimebaki, ukihakikisha kwamba kuku na paka hawakishiriki. Mbwa mzima wa afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na joto la visiwani huweza kuiongeza kidogo hesabu hiyo. Akivuka mililita 100 kwa kilo, yaani lita moja na nusu kwa mbwa wa kilo 15, na hali hiyo ikaendelea siku kadhaa, basi figo, sukari au mfuko wa uzazi vichunguzwe. Kosa linalofanyika sana ni kumnyima maji mbwa wa namna hii ili apunguze kukojoa. Mbwa mwenye figo mbovu hunywa kwa sababu anapoteza maji, na ukimnyima unamwua.

Pumzi huhesabiwa akiwa amelala fofofo, si anapohema kwa joto. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa sekunde 30, uzidishe mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni jambo la kawaida, na ikizidi hapo siku baada ya siku, hasa ikifuatana na kikohozi cha usiku, ni dalili ya moyo au mapafu.

Lililobaki ni mkono, na huu ndio uchunguzi wenye faida kubwa kuliko yote. Mlaze mbwa kwa ubavu penye mwanga mzuri, anapokuwa ameshakula na ametulia. Anzia chini ya taya, ambako kuna tezi mbili ndogo upande huu na huu, ushuke kwenye shingo, uingie makwapani, upitishe vidole juu ya mbavu moja moja, kisha tumboni, ukigusa kila chuchu kwa jike na kila korodani kwa dume ambaye hakuhasiwa. Malizia kwa kuvitanua vidole vya miguu, kwa kuwa hapo ndipo kupe na tekenya wanapojificha, na kwa kuangalia chini ya mkia. Mahali popote anapogeuza kichwa, anapolamba midomo au anapouvuta mguu, rudia kwa upole, kwani mbwa wa ulinzi huyameza maumivu na hizo ndizo njia zake za kuyataja. Uvimbe wowote wenye ukubwa wa sentimita moja ambao umekaa mwezi mzima upelekwe kwa daktari achukue chembechembe kwa sindano. Uvimbe wa mafuta usio na madhara na uvimbe wa saratani huweza kufanana kabisa chini ya ngozi, wala hakuna mzoefu anayeweza kuvitofautisha kwa kuvibonyeza tu.

Hapa lipo jambo la kwetu ambalo miongozo ya nje haigusi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi visiwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mfugaji asilichukulie hilo kuwa kizuizi cha kumgusa mnyama wake. Aweke glavu, taulo, brashi, bakuli na gunia la kupimia ambavyo ni vya mbwa tu, avihifadhi pamoja mahali pamoja nje ya jiko, na uchunguzi utakuwa mwepesi. Utaratibu huo huo, kwa bahati njema, ndio unaozuia minyoo ya mbwa kuwafikia watoto wa nyumbani.

Chakula: unene ndio adui wa kwanza

Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao. Wale waliopunguziwa waliishi takriban miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Hakuna dawa ya duka lolote inayoweza kufanya hivyo, na hii haikugharimu kitu.

Tatizo la visiwani ni kwamba mbwa hulishwa mabaki, na mabaki yetu ni wali. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa hutoa takriban kalori 130, na wali wa nazi huzidi hapo. Mbwa mzee wa kilo 15 asiyekimbia sana anahitaji kalori 700 hadi 750 kwa siku nzima. Ukimmwagia kilo moja ya wali jioni, umempa kalori 1,300, karibu mara mbili ya haja yake, na ndani yake hamna protini ya kutosha kuilinda misuli. Matokeo yake ni mbwa mwenye tumbo kubwa na mapaja membamba, sura inayoonekana sana kwa mbwa wa milangoni.

Pima unene kwa mbavu, wala usipime kwa tumbo. Kunjua mkono wako, upapase mgongo wa kiganja pale mifupa inapopita chini ya ngozi: mbavu za mbwa aliye sawa huhisika hivyo hivyo. Zikihisika mfano wa vifundo vya ngumi, amekonda. Ikibidi ubonyeze ndipo uzipate, amenenepa. Anayehitaji kupunguzwa apunguzwe taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki na si zaidi, na chakula kigawanywe mara mbili kwa siku.

Protini isipunguzwe kwa sababu ya umri peke yake. Fikra kwamba mbwa mzee alishwe uji mtupu ili figo zipumzike imezoeleka sana, lakini kumpunguzia protini ni jambo la kuamuliwa na daktari baada ya kipimo cha damu, na mbwa asiye na maradhi ya figo anaihitaji zaidi uzeeni kuliko ujanani, maana misuli huyeyuka kwa urahisi. Chakula kizuri kinachopatikana popote Unguja na Pemba ni dagaa wakavu. Waroweke, mwaga maji, wachemshe kwa maji mapya ili chumvi ipungue, kisha uwachanganye na wali kidogo na boga, mchicha au karoti zilizochemshwa. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake laini, kwa hiyo hutoa kalisi ambayo nyama ya steki haina, na mafuta yake husaidia viungo vyenye uvimbe. Vichwa vya vibua au jodari vinafaa pia, mradi vichemshwe na miba itolewe. Muhogo apewe uliopikwa tu, kwa kuwa mbichi, hasa ule mchungu, una sumu.

Sasa tuseme juu ya pilau na biriani, maana baada ya harusi au khitma ndipo mbwa hujaziwa bakuli. Vitunguu maji na vitunguu thomu, vibichi, vya kukaangwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili zinaweza kuleta madhara, na hesabu hiyo kwa mbwa wa kilo 15 ni kiasi cha vitunguu viwili vitatu vya wastani, ambavyo havikosekani ndani ya sosi ya biriani iliyobaki sufuriani. Ubaya wake hauonekani siku ile. Siku mbili tatu baadaye fizi huwa nyeupe, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, na mbwa hulala kutwa, na watu wakasema ni umri. Zabibu kavu za kwenye pilau ni sumu kwa figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Chokoleti, kahawa na peremende zisizo na sukari ziwekwe mbali. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na kokwa la embe huziba utumbo, jambo ambalo kila msimu wa maembe huleta upasuaji ambao ungeepukika.

Viungo na mwendo

Mbwa mwenye maumivu ya viungo hachechemei kila mara. Hutanguliza miguu ya mbele na kuivuta ya nyuma anapoinuka, huzunguka mara nyingi kabla ya kulala, huacha kupanda baraza aliyokuwa akiiruka, na hulamba kifundo kile kile mpaka manyoya yakageuka rangi. Akishatembea hatua ishirini thelathini, hukunjuka akaonekana mzima, na hapo ndipo mwenyewe hudanganyika.

Dawa ya kwanza ni mwendo wa mara kwa mara, mfupi, usiokatika. Matembezi matatu ya dakika 15 ni bora kuliko moja la saa nzima, na siku za kwenda msakoni kutwa nzima baada ya wiki ya kufungwa mnyororo ndizo zinazowaharibu mbwa wa wasasi. Mbwa wa miaka tisa anaweza bado kutoka na wenzake, lakini abaki na mwenyewe badala ya kuachiwa kukimbiza, na arudishwe mapema. Ardhi ya maweni, ambayo imejaa ncha za jiwe la matumbawe, humkata nyayo na kumlazimisha kupindisha vifundo, basi chagua njia ya udongo au mchanga.

Kwa wanaoishi pwani, mchanga mbichi ulioachwa na maji ni uwanja usio na mfano, kwa kuwa ni mgumu kiasi cha kumshikilia na laini kiasi cha kutomuumiza. Saa ndizo zenye mtihani. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hukauka karibu na saa nne asubuhi, wakati ambapo mchanga mkavu wa juu anaoupita kurudi nyumbani umeshaanza kuunguza. Siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala haikauki sana, kupwa huangukia alfajiri na alasiri, na ingawa eneo linalofunuka ni dogo, hizo ndizo siku zake. Huko Paje, Jambiani na Bwejuu mbwa afungwe kamba asiingie kwenye mashamba ya mwani, kwani atang'oa vijiti na kamba za akina mama na kujikata miguu mwenyewe. Kuogelea dakika tano kwenye maji yaliyotulia hujenga misuli bila ya kubebesha viungo uzito. Asiachwe kunywa maji ya bahari, na amwagiwe maji baridi ya kisima baadaye ili chumvi isimwashe ngozi.

Lipo zoezi jingine lisilohitaji bahari. Laza fito nne chini uani, baina ya moja na nyingine pawe na nafasi ya hatua moja ya mbwa, kisha umpitishe juu yake taratibu kwa kipande cha dagaa. Atalazimika kuunyanyua kila mguu kwa makusudi, na miguu ya nyuma, ambayo ndiyo hudhoofika kwanza, itarudi kufanya kazi. Mara tano kwenda na kurudi, asubuhi na jioni, zinatosha.

Mbwa wa kufungwa ana shida yake. Badala ya mnyororo mfupi kwenye nguzo, vuta waya baina ya minazi miwili na upitishe pete itakayoteleza juu yake, ili aweze kutembea usiku kucha. (Minazi yenyewe iangaliwe juu: pasiwe na nazi zilizokomaa mahali anapolala.) Sakafu ya saruji humtoa sugu za viwiko na humkaza viungo wakati wa kipupwe, basi mpe kitanda cha kamba kilichokwisha kazi ya watu, kifupishwe miguu kiwe na urefu wa shubiri moja, na juu yake gunia lililokunjwa. Hewa hupita chini, mvua ya masika haimfikii, na hatalazimika kuruka.

Makucha nayo yanahusika. Mbwa asiyetembea sana hayasugui makucha yake, na yakirefuka huubadilisha msimamo wa mguu mzima. Ukiyasikia yakigonga sakafu anapopita, yakatwe, na usisahau ukucha wa pembeni wa mguu wa mbele, ambao haugusi chini na huweza kujipinda ukaingia nyamani.

Dawa za maumivu za binadamu

Tafadhali usimpe mbwa dawa uliyoinunua kwa ajili ya mgongo wako. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo kwa kiasi ambacho kwa mtu si kitu. Parasetamoli hudhuru ini, na kwa paka wa nyumba hiyo hiyo kidonge kimoja huua. Zipo dawa za aina hiyo zilizotengenezwa kwa mbwa, kama vile meloksikamu na kaprofeni, na daktari wa mifugo atazitoa kwa hesabu ya uzito ulioandika daftarini, kwa kawaida baada ya kuangalia figo na ini. Zitolewe pamoja na chakula, zisichanganywe na nyengine za jamii hiyo wala na za steroidi, na zisimamishwe mara moja mbwa akitapika au kinyesi kikiwa cheusi na chenye kunata.

Hivyo hivyo kwa dawa za ng'ombe. Sindano ya minyoo na dawa ya kuogeshea mifugo zina nguvu ya kupimwa kwa mnyama wa kilo 200, na mbwa mzee aliyepimiwa kwa kukisia huweza kupata sumu. Kupe wenyewe ni lazima wadhibitiwe mwaka mzima, kwa kuwa kwetu hakuna majira yanayowaua. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta maradhi ya damu ambayo huweza kujificha miezi au miaka na kuzuka mwili ukishachoka: homa, kukonda, fizi nyeupe, damu kutoka puani. Maradhi hayo yana tiba. Mbu nao hubeba minyoo ya moyo, na mbwa anayekohoa na kuchoka mapema apimwe kabla ya kupewa dawa yoyote ya minyoo.

Joto

Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema hufanya kazi pale tu hewa inapoweza kuuchukua unyevu wa ulimi. Wakati wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, hewa ya visiwani imeshajaa unyevu, na mbwa mnene au mwenye moyo dhaifu hushindwa hata kivulini. Asitembezwe baina ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Banda la mabati liezekwe makuti juu yake. Akilewa joto, yaani akihema bila kusita, ulimi ukawa mwekundu sana, akapepesuka, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, umpepee kwa nguvu na umpeleke kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha. Kwa kawaida joto la mwili wa mbwa ni baina ya 38 na 39.2, na likifika 41 maisha yako hatarini.

Meno, macho na akili

Harufu mbaya ya mdomo si ada ya uzee. Ni ukoga na fizi zilizooza, na mbwa hula upande mmoja, huangusha chakula au hukataa dagaa mkavu. Mswaki laini wa mtoto bila ya dawa ya meno ya watu, mara tatu kwa wiki, huzuia mengi, ingawa ukoga uliokwisha kuwa jiwe huondolewa na daktari tu, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa.

Ukungu wa buluu machoni mara nyingi ni mabadiliko ya kawaida na mbwa bado anaona. Weupe mzito ni mtoto wa jicho. Asiyeona apangiwe vitu vyake pasipohamishwa, na asiyesikia asishtuliwe usingizini: gonga ardhi kwa mguu ahisi mtikisiko kwanza, maana mbwa wa ulinzi aliyeshtuka huuma kabla ya kutambua. Wengine huchanganyikiwa, wakazurura usiku, wakasimama mbele ya ukuta, wakasahau njia ya lango. Matembezi ya mchana na taa ndogo usiku hupunguza.

Lakini tabia ikibadilika ghafla, usiseme ni utu uzima. Mbwa anayeng'ata ovyo, anayeshindwa kumeza, anayetoka udenda na sauti ikabadilika anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse. Mfungie na uite ofisi ya mifugo ya wilaya, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Pemba inalijua hili. Juhudi za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliukomesha ugonjwa huo kisiwani mwaka 2014, ukaingia upya mwaka 2016, na ukachukua hadi mwaka 2018 kuondolewa. Chanjo inapopita kijijini, mbwa mzee asiachwe nyumbani kwa kuwa hatoki tena. Mbwa mgeni mwenye kichaa humfuata huko huko uani.

Yasiyongoja kesho

Jike ambaye hakutolewa kizazi, akianza kunywa maji kupita kiasi, kukataa chakula na kutoka usaha au kuvimba tumbo wiki nne hadi nane baada ya kipindi cha kutaka dume, ana usaha katika mfuko wa uzazi na anahitaji upasuaji haraka. Dume anayejikamua bila ya kutoa mkojo, mbwa wa kifua kipana ambaye tumbo limejaa upepo na anataka kutapika lakini hatoi kitu, fizi zilizokuwa nyeupe ghafla, kuanguka na kuzimia: haya yote ni ya saa, si ya siku. Damu inayodondoka sehemu za siri za mbwa anayerandaranda mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na huo, tofauti na wanavyodhani wengi wanaomtelekeza mbwa kwa sababu yake, hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki.

Wapo watakaofikia mahali ambapo dawa haiwasaidii tena. Angalia kama bado anakula kwa hamu, anainuka mwenyewe, anajiepusha na uchafu wake na anakuja unapomwita. Siku mbaya zikizidi nzuri, zungumza na daktari juu ya kumpumzisha kwa sindano. Kumpeleka pwani ya mbali na kumwacha huko, kama ilivyozoeleka, kunamwua kwa kiu na kunawatwisha majirani mzigo.

Mfugaji anayetaka mbwa kijana wa kumpokea mzee kazi amlete mapema, mzee akiwa bado na nguvu za kumfundisha mipaka ya shamba. Wakutane kwanza nje ya uwanja wa mzee, wote wakiwa kwenye kamba, na bakuli zao zitenganishwe kwa umbali wa kutoonana. Mzee alishwe wa kwanza, na kitanda chake kiwekwe mahali ambapo kijana hafiki, kwa kuwa mtoto wa mbwa anayecheza juu ya nyonga zenye maumivu atang'atwa, na kosa halitakuwa la aliyeng'ata.